Sikio la Masatu

Vijana wangu wa picha, mmeniomba niwaeleze jinsi tulivyokuwa tunageuza picha ya kawaida kuwa mchoro, kabla simu zenu hazijajifunza kuifanya kazi hiyo kwa mguso wa kidole. Nimekubali kwa sababu moja tu: mmeahidi kuniletea soda. Sababu ya pili ni kwamba nina wasiwasi, na mtu mwenye wasiwasi hupenda kuongea. Kaeni basi. Huyo aliyekalia ndoo aangalie, ina ufa.

Mnaniita mstaafu, ingawa umri wangu haujafika huko. Mimi sikustaafu, simu zenu zilinistaafisha. Studio yangu pale Nyakato, hapa Musoma, ilikuwa chumba kimoja kati ya saluni na duka la dawa za mifugo, kiasi kwamba wateja wangu waliingia wakinukia mafuta ya nywele na kutoka wakinukia dawa ya kupe. Chuo kikuu nilisoma sosholojia. Nilijifunza jamii ni nini, kisha nikatumia miaka yote iliyofuata kuiondolea chunusi jamii hiyohiyo. Baba yangu aliuza ng'ombe ili nisome. Alipoulizwa kijana wake anafanya kazi gani, alijibu, “Yuko kwenye kompyuta,” halafu akauliza habari za mvua.

Kwanza ufundi, maana najua ndicho kilichowaleta.

Efekti ya mchoro wa rangi za mafuta mnaidhani ni urembo. Kwetu, mara nyingi, ilikuwa maficho. Mteja alileta picha iliyopigwa kwa simu, ikatumwa kwa shangazi, shangazi akaituma kwa mjomba, mjomba akaituma kwangu. Kila ilipopita ilichanika kidogo, hadi uso ukabaki vijisanduku. Ukiikuza unaona sakafu ya vigae. Hapo ndipo brashi ya kompyuta ilipotuokoa, kwa sababu watu huusamehe mchoro mambo wasiyoisamehe picha. Picha ikiwa na ukungu wanasema umeharibu. Mchoro ukiwa na ukungu wanasema una hisia.

Lakini brashi moja haipiti kila mahali. Nene kwa nguo na kwa nyuma, nyembamba kwa ngozi, na machoni usipitishe kabisa. Jicho lililopakwa brashi linakuwa la samaki wa juzi. Na fanyeni kila kitu kwenye leya yake, yaani kama kioo kilicholazwa juu ya picha, ili ukikosea uondoe kioo na picha ibaki salama. Mimi niliharibu harusi nzima ya watu kabla sijajua kioo ni nini. Bwana harusi alitoka na rangi ya zambarau, na mkwe wake akaniuliza kama kuna dawa.

Jambo jingine ni ngozi zetu. Efekti nyingi zilitengenezwa na watu ambao hawajawahi kusimama Bunda saa nane mchana mwezi wa pili. Ukizitumia kama zilivyo, mtu mweusi anageuka majivu. Dawa yake ni kuongeza wekundu kwenye kivuli. Ukiuongeza kwenye mwanga, mtu anaonekana amechomwa na chai. Hili nilifundishwa na Mwalimu Bwire, aliyekuwa akifundisha sanaa sekondari na ambaye alipanga kona ya studio yangu kuchora watu kwa rangi za kweli. Kompyuta aliidharau. “Wewe hupaki,” aliniambia, “wewe unachafua kwa umeme.” Kuhusu mwanga sikumwona akikosea hata mara moja. Kuhusu masikio, Mungu amsamehe, alichora maandazi. Ndiyo maana wateja wake wote walivaa kofia.

Masikio ndiyo yaliyoniponza na mimi.

Wajukuu wa bibi mmoja wa Mwitongo, kule Butiama, walinitumia picha yake nimfanyie mchoro. Bibi ni Mzanaki wa zamani, ndewe zake zilitobolewa na kunyooshwa tangu usichana, zinaning'inia na tundu la kupitisha vidole. Nikabonyeza sehemu ya kulainisha. Programu ilitembea usoni kwake, ikafika masikioni, ikaona tundu, ikaamua ni hitilafu, ikaziba. Mimi wala sikuona. Nikampelekea mwenyewe hadi kwake, nimeifunga kwenye karatasi ya zawadi.

“Huyu nani?” bibi akauliza.

“Ni wewe, bibi.”

Aliishika ndewe yake, akaitazama picha, akaishika tena. “Mbona umenishona? Tena bila ganzi.”

“Programu iliona kama kasoro, bibi.”

“Hiyo programu ina mama?”

Ua zima lilicheka, na mimi nikacheka kwa kuwa sikuwa na pa kujificha. Nilirudi nikayafungua masikio yale tundu kwa tundu. Tangu hapo kila uso niliopewa nilianzia masikioni. Nikajiona bingwa. Nikawa nawatambua watu wa ukoo mmoja kwa masikio kabla hawajataja jina, na sasa mnaelewa nilivyokuwa tayari kabisa kufanya upuuzi.

Alikuja kijana mmoja aitwaye Masatu, mvuvi kutoka kijiji cha rasini, mbele ya Kibara. Kaka yake, Magesa, alikuwa ametoka kwenda kutega, mtumbwi ukaonekana umepinduka, yeye hakuonekana. Walitafuta ufukwe wote. Wavuvi wa vijiji jirani waliacha nyavu zao wakatafuta pia. Ziwa halikumrudisha. Ukoo ukakaa, ukakubali kwamba Magesa amekufa, na mazishi yakapangwa.

“Tunataka picha ya kuaga,” Masatu aliniambia. “Kubwa. Kwenye kitambaa, sio karatasi.”

Kitambaa. Nilipaswa kuuliza kwa nini kitambaa. Badala yake niliuliza ukubwa.

Picha waliyokuwa nayo ilikuwa moja, ya harusi ya binamu yao. Magesa amesimama nyuma ya mama mmoja mwenye kilemba kikubwa kama sufuria ya ubwabwa, na kilemba kimefunika shavu lake lote la kulia, sikio na upande wa kidevu. Kitambulisho chake kilikuwa mfukoni mwake siku ile alipopotea ziwani.

“Alikuwaga hapendi picha,” Masatu alisema. “Hii yenyewe nilimvizia.”

Nikamtazama Masatu. Paji lilelile, taya ileile, wamefanana hadi mkunjo wa mdomo. Nikamkalisha kwenye kigoda, nikaweka taa upande mwanga ulikotoka siku ya harusi, nikamgeuza kichwa taratibu. Alikaa kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Nikapiga. Kisha nikachukua sikio lake, shavu na kipande cha kidevu, nikavipandikiza kwa Magesa pale palipokuwa na kilemba. Nikalinganisha rangi, nikapitisha brashi ya mafuta juu ya vyote, na mshono ukapotea. Nilitafuta mshono nikakosa. Nikajipongeza kwa sauti, peke yangu, kisha faili nikalituma Bunda kwa Chacha, mwenye mashine kubwa ya kuchapa kwenye kitambaa pale Nyasura.

Kesho yake, ambayo ilikuwa siku moja kabla ya mazishi, pikapu ilisimama mbele ya studio ikiwa na jeneza nyuma. Masatu akashuka, akamshika mkono mama yake. Walikuwa wamekuja mjini kuchukua jeneza, na mama alikuwa amekataa kuondoka Musoma kabla hajaiona picha kwa macho yake.

“Shikamoo, mama. Pole sana.”

“Marahaba, mwanangu. Nionyeshe.”

Nikaifungua kwenye skrini. Nikasimama kando, mikono nyuma, kama mpishi anayesubiri mgeni ameze. Mama aliinama, akasogea, akasogea tena hadi pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo. Machozi yalianza kumtoka, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi, nikidhani kazi imekubalika. Kisha akajifuta machozi. Akageuka. Akamfuata Masatu mlangoni, akamkamata sikio la kulia kama mtoto aliyeiba sukari, akamvuta hadi mbele ya skrini.

“Hili ni lako.”

“Ni la kuazima tu, mama,” Masatu alisema, kichwa kimeinama upande.

“La kuazima. Linarudishwa lini?” Akamwachia, akanigeukia mimi. “Mwanangu, unajua hii picha inakwenda wapi?”

“Mbele ya jeneza, mama. Watu waage.”

“Inakwenda ndani. Itavikwa sanda, ilazwe, ifunikwe. Huo ndio mwili wake.”

Ndipo nikaelezwa. Wazee wa ukoo walitaka kuzika mgomba, kama walivyofanya baba zao mtu alipopotelea majini. Mchungaji hakutaka kusikia habari za mgomba. Wazee nao hawakutaka kusikia habari za jeneza tupu. Wakakutana katikati, na hapo katikati nilikuwa nimekaa mimi na kompyuta yangu, nimeshona nusu ya mtu hai kwenye maiti.

“Mmoja ziwa limemchukua,” mama alisema polepole. “Huyu mwingine unanizikia wewe?”

Mtaniuliza kama niliamini. Chuoni niliandika insha ndefu juu ya desturi za mazishi za watu wa ziwa, nikapata alama nzuri, na sikumbuki kama mle ndani kulikuwa na mtu hata mmoja aliyekuwa analia. Nilikuwa nimesoma vya kutosha kusema siamini. Lakini nilimwona Masatu akisugua sikio lake. Nilijua baada ya matanga anarudi ziwani, kwa sababu hana kazi nyingine. Na nilijua kwamba siku moja atachelewa kurudi, kama wavuvi wote wanavyochelewa, na siku hiyo mama huyu hatakaa ufukweni akiulaumu upepo. Atakaa akiliona sikio la mwanawe chini ya udongo. Je, ningemwambia nini? Kwamba mshono hauonekani?

Nilifuta palepale mbele yake. Kwenye skrini ni kazi ya kufumba na kufumbua. Tatizo lilikuwa Bunda. Nikampigia Chacha, haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani.

“Si tunapita hapohapo Bunda?” dereva alisema. “Panda, mtaalamu.”

Nikapanda nyuma na Masatu, kompyuta nimeikumbatia. Mama akakaa mbele. Sasa, jeneza lisilo na mtu ni jepesi kuliko mnavyofikiri. Kwenye kila tuta lilirushwa juu, likatua kwa kishindo, na tukawa tunalikandamiza kwa zamu, kwa mikono na magoti.

“Likamateni!” dereva alipiga kelele dirishani. “Linaruka kama mbuzi wa mnadani!”

Masatu alicheka, kisha akakumbuka ni la nani, akaacha.

“Kaka,” alisema mwishowe, “mimi siaminigi haya mambo.”

“Hata mimi.”

“Eeh.” Akatazama barabara. “Lakini ulichukua sikio tu?”

“Na shavu.”

“Shavu lote?”

“Na kidevu kidogo.”

Alijipapasa usoni, kuanzia juu kushuka. “Sasa mimi nimebakiwa na nini?”

Nilitaka kumwambia kwamba picha haipunguzi kitu. Nikaona mkono wangu wenyewe uko kwenye sikio langu, nikaushusha.

Pale Nyasura, Chacha alikuwa amezima simu kwa sababu wateja walikuwa wanamsumbua. Kitambaa kilikuwa tayari kimetoka, kimeanikwa kwenye waya ukutani, kikubwa, kizuri kupita kiasi. Magesa alitutazama kwa utulivu wa mtu asiye na haraka tena.

“Mtaalamu!” Chacha akanipokea. “Hii sasa ni kazi. Nimekaa nayo asubuhi yote, mpaka nimeisalimia. Marehemu alikuwa mwanaume wa…”

Hapo Masatu akaingia nyuma yangu, jua likimpiga upande wa kulia wa uso. Chacha alirudi nyuma hadi akagonga mashine.

“Si mlisema amekufa?”

Mama alinitazama mimi tu. “Umesikia?”

Nilisikia. Nikafungua kompyuta juu ya meza ya Chacha, kati ya mikasi na kikombe cha chai iliyopoa, nikaanza upya. Jua lilikuwa limeshapita utosini, na safari ya Kibara ilikuwa bado. Nilifanya kwanza kile ambacho ninyi nyote mngefanya: nikachukua upande wa kushoto wa Magesa, nikaugeuza, nikauweka kulia. Hakuna mtu mwingine ndani. Magesa kwa Magesa.

“Huyu nani?” mama akauliza.

“Ni yeye mtupu, mama. Upande mmoja nimeugeuza ukawa wa pili.”

“Magesa hakuwaga sawasawa hivi. Huyu amenyooka kama mtu wa kalenda. Sikumzaa.”

Alikuwa sahihi, na lishikeni hili: hakuna binadamu mwenye pande mbili zinazolingana. Ukimlinganisha unapata mgeni mzuri. Nikauliza basi upande ule ulikuwaje, nichore kwa kusikia. Mama akasema kulikuwa na kovu la ndoano karibu na sikio. Masatu akasema hapana, kovu lilikuwa chini ya taya. Mama akasema nani alimwosha akiwa mtoto, mimi au wewe? Masatu akasema lakini ndoano ilikuwa yangu, mama, mimi ndiye nilimchoma. Dereva, ambaye hakuwahi kumwona Magesa karibu, akasema anavyokumbuka yeye lilikuwa shingoni.

Niliweka, nikafuta, nikaweka tena. Kila nilichoweka kilikuwa uongo wa mtu fulani, na uongo huo ulikuwa unakwenda kuzikwa kwa jina la Magesa. Nikakumbuka kule mwanga unakotoka. Upande wa kushoto wa uso ulikuwa umewaka vizuri kwa jua la harusi, macho yote mawili yanaonekana, pua ipo, mdomo upo. Nikafungua leya mpya, nikachagua kahawia nzito, karibu nyeusi lakini yenye joto, na brashi nene kuliko zote. Nikaanza nyuma ya kichwa, nikaja mbele taratibu, nikaacha mwanga ufifie kuanzia shavuni. Kule kwenye kilemba sikuchora kitu. Nikapitisha mistari michache tu ya brashi, ya kulijulisha jicho kwamba uso unaendelea, ila hapa hatuoni. Efekti ya mafuta ikaunganisha giza na ngozi. Hapakuwa na sikio la mtu yeyote.

Nikaondoka kwenye kiti, mama akakaa. Alikaa sana. Chacha aliacha hata kutafuna mswaki wake.

“Kama amesimama mlangoni,” mama alisema.

“Anaingia au anatoka?” Masatu akauliza.

Chacha akawasha mashine.

Ikabaki ile ya kwanza, pale kwenye waya. Chacha akachukua wembe, akasema tuikate katikati, kila mtu achukue wake. Mama alimshika mkono kabla hajafika. Kukata ndiyo kubaya zaidi, alisema, na kuchoma usiseme kabisa, na jalalani je, mwanangu unatupaje uso jalalani? Akaikunja mwenyewe, taratibu, kama anakunja mkeka wa mgeni, akaniwekea mikononi.

“Wewe uliyewaunganisha, kaa nao.”

Sikuwa nimealikwa mazishini, lakini Masatu alisema twende ukaone kazi yako inakoishia, na ninavyojijua, nisingelala bila kuona. Picha iliwekwa ndani ya jeneza lililo wazi, pale kichwa kinapokaa, na foleni ya kuaga ikaanza. Nilisimama karibu na wapiga ngoma. Kila aliyepita alisimama, aliinama, alitazama ule upande wa giza. Niliona wengine wakigeuza vichwa vyao kama vile wakisogea kidogo wataona sikio.

Halafu akaja mwanamke mmoja mtani wa ukoo ule, amevaa suruali ya kiume na ndoo kichwani, akapiga yowe, akajitupa chini mbele ya jeneza.

“Magesa! Wewe ulikuwaga unakwepa picha maisha yako yote, na leo pia umekuja nusu? Ile nusu nyingine umeiacha kwa mwanamke gani? Mseme wenyewe, nani ana shavu la Magesa huku?”

Watu waliangua kicheko, kicheko kile cha msibani chenye machozi ndani yake. Mimi nilikuwa natafuta njia ya kutokea. Nilimtazama mama. Alikuwa amejifunika khanga usoni, mabega yanatetemeka, na sikujua kama analia au anacheka hadi alipoishusha. Alikuwa anafanya yote mawili. Akamwambia mtani, “Inuka, mjinga wewe, unamchafulia,” na wakainuka pamoja.

Kitambaa kilivikwa sanda. Kabla jeneza halijafungwa, mzee mmoja alisogea na kipande cha mgomba kilichofungwa kwenye gunia safi. Mchungaji akaona jambo la kuvutia sana upande wa ziwa, akageuka kulitazama, na akalitazama muda wa kutosha.

Hivyo ndivyo Magesa alivyozikwa, na kama kazi ingekuwa inaishia kaburini ningewaambia somo na kuomba soda yangu. Somo lenyewe ni fupi: kabla hujagusa brashi yoyote, uliza picha inakwenda wapi. Na mkipiga watu, wapigeni pande zote, hata wasiopenda, hata wanaokimbia.

Lakini mimi nilibaki na ile nyingine. Niliiweka nyumbani nyuma ya kabati, na tangu siku hiyo nikawa mtu wa kusikiliza mabati. Upepo ukianza kuyapiga, natafuta simu. Nilitunga visingizio. Nilimuuliza Masatu bei ya sato, nikamuuliza kama dagaa wanapatikana, mara moja nilimuuliza anakumbuka jina la yule dereva. Alinivumilia muda mrefu.

“Kaka,” aliniambia siku moja kabla sijasema hata habari, “niko hai. Vaa sweta ulale.”

Simu ilipoita bila kupokelewa sikulala, sweta au bila sweta. Mke wangu alisema niitupe ile picha au nimpeleke Masatu akafanye kazi bara, mbali na ziwa. Nilipofunga studio niligawa taa, vigoda, hata ile kompyuta. Kitambaa sikuweza kukigawa. Ungempa nani?

Sasa, juzi juzi hapa, Masatu alipiga hodi. Alikuwa Musoma kununua nyavu. Ameongezeka mwili, ana mvi chache juu ya lile sikio. Mama yake mzima, alisema, analima, anagombana na majirani, anatusalimia. Akanywa chai. Akageuza kikombe, akakigeuza tena.

“Ile nyingine bado unayo?”

Niliitoa nyuma ya kabati, tukaitandaza mezani, pembe zake tukazikandamiza kwa vikombe. Nilikuwa sijaifungua tangu Bunda. Masatu alisimama juu yake mikono mifukoni.

“Siku ile sikuiangalia,” alisema. “Nilikuwa naangalia sikio tu.” Akainama. “Kumbe tulifanana hivi.”

“Sana.”

“Unajua sina picha na Magesa? Hata moja. Mimi ndiye nilikuwaga na simu. Picha zote za nyumbani mimi ndiye mpigaji, simo.” Aliweka kidole pale ambapo mshono ulipaswa kuwa, akakipitisha kutoka juu hadi kidevuni. “Hapa ndiyo tuko wote. Nipe niende nayo.”

Vijana, nilikishika kile kitambaa kwa mikono miwili. “Na mama?”

“Mama hataiona. Nina sanduku lenye kufuli.”

“Na ziwa?”

“Ziwa limefanya nini?”

“Usipande nayo mtumbwi.”

“Kaka, kwetu kuna barabara.”

“Hata hivyo.”

Alicheka, akaikunja. Tukaivisha nailoni, kisha mfuko wa mbolea, tukafunga kwa kamba ya nyavu zake mpya. Nilimsindikiza hadi kituoni nikiongea mambo yasiyo na kichwa wala miguu, na alipopanda gari nilimwambia akifika anipigie, akasema sawa, nikamwambia tena, akasema nimesikia. Nikarudi nikakaa hapa mlipokaa. Nyuma ya kabati palikuwa na ukuta tu. Mchana ule upepo ulianza, mabati yakaanza kuongea, na nilijizuia nisipige, kwa sababu mtu aliyeahidi kupiga hupigiwa na watu wasio na adabu.

Simu iliita jua likikaribia kuzama.

“Tumefika, kaka,” Masatu alisema.

Nyuma ya sauti yake nilisikia maji, na sikuuliza kama ni ya ufukweni au ya chini ya mtumbwi.